Papa wa Arobaini Yako

Bi Salma, mwalimu wangu,

Jana tumekufanyia arobaini hapa Uingereza, mtaani Sparkhill, nyumbani kwa Mama Shirin. Mimi Mkristo nilijitanda leso, nikatulia kama mkwe, na bado nusura niangue kicheko katikati ya dua. Nisamehe. Ungekuwepo ungecheka zaidi yangu.

Lakini nianze na ya maabara. Kiti chako nimekataa kisiguswe. Mkuu wa idara alikuja akaniuliza kwa upole kama kazi hii ya papa ina haja ya kuendelea sasa kwa kuwa hupo. Nilimjibu vibaya. Unanijua, ulimi wangu hauna breki. Ila moyoni sikuwa na hakika, kwa sababu wewe mwenyewe, pale kitandani hospitalini, ulikuwa umekata tamaa. "Mwende," uliniambia, "tumempigia mbuzi gitaa."

Miaka yote hiyo ulimsoma papa mmoja tu, yule mdogo wa bahari hizi za baridi, mwenye miiba miwili mgongoni, ambaye Waingereza wanamla na chipsi bila kujua ni papa. Ulinifundisha kusoma pete za mwiba wake, kama za mti, mpaka tukajua umri. Tukaona jike anachelewa mno kuzaa, tena anabeba mimba karibu miaka miwili. Ukawaambia wakubwa wa uvuvi: mkiendelea kuwavua hawa wenye mimba, watakwisha. Wakacheka. Papa wako tele, mama, watakwishaje? Kicheko kile kilikuuma kuliko ugonjwa.

Mimi nilikuwa nakustaajabia tu. Mwanamke wa Mombasa, mtandio kichwani na koti jeupe la maabara, katika mji usio na bahari hata ya dawa! Nami Mkamba wa Machakos ukinitania: "Hata kuogelea hujui, unampima papa." Tukienda sokoni kwa Ron, muuza samaki, kuchukua papa wazima kabla hajawachuna, wenzetu wa chuo walitaka ufike, uchukue, uondoke. Wewe? Thubutu! Lazima kwanza mjuliane hali. Mkewe ameamkaje, goti la mamake lina nafuu, hata mbwa. Mzungu wa watu mwanzoni alikuwa akitazama saa. Baadaye akawa yeye ndiye anayekuuliza habari za Mombasa. Hapo ndipo ulipoanza kupasua tumbo la jike palepale mezani pake, ukimwonyesha watoto ndani, ukimweleza polepole, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikidhani unapoteza wakati. Lo!

Basi sikiliza. Mama Shirin, tangu afukuzwe Kampala pamoja na Wahindi wenzake, hajasahau ulivyompokea na wanawe kwenye chumba chako kimoja. Akaona arobaini yako haiwezi kupita bila papa wa nazi. "Salma alikuwa mtu wa papa," ati! Maskini, hakujua kwamba tangu uanze utafiti huu hukutia papa kinywani. Akaenda kwa Ron kuagiza wakubwa, wale walionona. Ron akamwambia hana, wala hatakuwa nao. Wakubwa hao ndio majike wenye mimba, na hawapokei tena kutoka kwa wavuvi, na wenzake wa meza za jirani nao wameacha. Mama Shirin akang'aka: hawa ni wa arobaini ya Salma! Ron akavua kofia. "Kwa Salma ndiyo kabisa siwezi, mama."

Haya yote Mama Shirin alininong'oneza wakati wa dua, akiwa bado amenuna, eti Mzungu amemnyima samaki wa marehemu. Kicheko kikanipanda, halafu kikageuka. Nililia mbele za watu, mimi ninayejifanya jiwe. Walikusikia, Bi Salma. Si waziri, si profesa. Wauza samaki, ambao hakuna sheria iliyowalazimisha. Nakuonea fahari mpaka kifua kinauma.

Leo asubuhi nimemwambia mkuu wa idara kazi inaendelea, na safari hii hakika ninayo. Wakubwa wa uvuvi wakikutana tena, nitakwenda mimi, na Ron amekubali kuja kusema kwa kinywa chake. Ananiuliza avae tai ya rangi gani.

Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Nakuahidi siku hiyo sitaketi mpaka wanisikilize.

Mwanafunzi wako,
Mwende