Jina la Nelvine Halina Makosa

Kiptere,
Jumapili.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na Mama. Je, goti lake limepata nafuu tangu abadilishiwe dawa kule Bomet? Na yule mtamba mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, ingawa huku mvua ya mawe imeharibu majani ya chai na watu hawajachuna wiki nzima.

Baba, nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine kwamba nimekosana na mwalimu mkuu. Ni kweli, na sababu yake nataka uipate kwangu.

Unajua kazi yangu hapa shuleni ni kupiga chapa barua na vyeti vya wanaomaliza. Mwaka jana tuliletewa kompyuta ambayo neno isilolijua hulibadilisha yenyewe kuwa la Kiingereza. Ukiandika Cheptoo, ukiinua macho unakuta Cheetah. Mwanzoni tulicheka. Niliomba niuzime usahihishaji huo, lakini mwalimu mkuu akakataza, akisema ndio unaofanya barua za shule ziwe safi. Basi nikawa nayarudisha majina moja moja, na mengine yakanipita.

Moja ni la Nelvine Atuti, binti wa mzee Ondieki anayechuna majani kwenye shamba kubwa hapa jirani. Cheti chake kilitoka kimeandikwa Melvin Astute. Baba yake alikirudisha kesho yake. Mwalimu mkuu alikataa kichapishwe upya, akasema mzee mwenyewe ndiye aliyekosea kuandika kwenye fomu, nami nikatumwa nimwambie hivyo. Akakikunja cheti, akaondoka nacho.

Nelvine alikipeleka hivyo hivyo chuo cha uuguzi alikokubaliwa. Wakamwambia hicho ni cheti cha mvulana, alete chake kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Alhamisi mzee Ondieki akarudi, buti za shambani bado miguuni. Aliweka cheti cha kuzaliwa cha binti yake mezani kwangu, akasema, "Karani, mimi sikusoma sana, lakini jina la mtoto wangu nalijua. Nililichagua mwenyewe."

Siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni. Sikumngoja. Nilifungua mipangilio ya kompyuta, nikaondoa alama kwenye kile kisanduku kinachoiruhusu kubadilisha maneno, nikaandika Nelvine Atuti. Jina likakaa. Nilikichapisha cheti, nikampelekea naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Chepkirui, nikamweleza yote bila kuficha. Alilinganisha cheti na kile cha kuzaliwa herufi kwa herufi, akatia sahihi na mhuri. Ijumaa Nelvine akapokelewa chuoni.

Jioni hiyo mwalimu mkuu aliniita. Alitaka nirudishe kompyuta ilivyokuwa, na Jumatatu nimpe barua ya kuomba msamaha, ama niache kazi. Nilimjibu, "Barua ya msamaha nitaandika, lakini ni ya mzee Ondieki." Nikamwambia pia kwamba kuna vyeti vingine saba vyenye majina yaliyoharibika, na nitavichapisha vyote.

Baba, sasa nikwambie lililo zito. Nilipomwambia mzee Ondieki kwamba yeye ndiye aliyekosea, fomu yake ilikuwa mkononi mwangu, na jina lilikuwa limeandikwa sawasawa. Nilimdanganya nikimtazama usoni. Uongo huo ulinitoka kwa urahisi kwa sababu nimeusema juu yako miaka mingi. Tangu Kidato cha Kwanza, mwalimu aliposoma jina langu darasani wanafunzi wakacheka, nimejiita Jennifer. Kila aliyeona jina lingine kwenye kitambulisho nilimwambia baba yangu hakujua kuliandika. Hata mlangoni pa ofisi nimebandikwa Jennifer. Wewe uliyenifundisha kusoma kabla sijaingia shule. Nisamehe.

Leo baada ya kanisa nilikwenda kwa mzee Ondieki nikamwambia ukweli mbele ya mke wake. Mzee alinisogezea kiti. Alinimiminia chai.

Kesho nitaingia kazini saa mbili kama kawaida. Wakinifukuza, nitakuja tuchune majani pamoja, lakini kompyuta siirudishi ilivyokuwa, na karatasi ya mlangoni nitaibandua mwenyewe.

Mwambie Mama asibebe maji kwa goti hilo, mdogo wangu Gekara yupo. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu awatunze hadi tuonane.

Ni mimi binti yako,
Janefer Kemuma