Video Iliyojaza Kompyuta ya Marehemu Yunus

Sharon, uko wapi? Nimetoka kwa dada Maulida sasa hivi.

Si unajua kompyuta ya marehemu shemeji Yunus ilivyokuwa inaganda na kujizima yenyewe? Leo dada kaita fundi nyumbani Nyakato. Fundi kapekua, kasema diski imejaa. Iliyoijaza ni video moja tu. Ya urefu wa saa tisa!

Kuangalia tarehe, ni siku ileile Yunus aliyofariki kwa ajali Usagara. Asubuhi alikuwa anajirekodi tangazo la duka kwa kamera ya kompyuta hiyo, akaondoka bila kuzima.

Fundi akaifungua, akaruka tangazo. Kiti kitupu. Halafu sauti ya Yunus mlangoni: “Maulida, naenda.”

Kimya.

“Mke wangu, naenda.”

Kimya. Mlango ukafungwa. Na jikoni vyombo vinasikika vikioshwa. Alikuwepo, Sharon! Alimsikia!

Mwaka mzima dada anatuambia mumewe aliondoka bila kuaga. Kumbe walikuwa wamenuniana, akakataa kumwitikia.

Fundi maskini hakujua lolote. Akauliza, “Mama, niifute? Mashine itakuwa nyepesi.”

Dada akasema, “Rudisha nyuma kidogo.”

Akarudisha. “Maulida, naenda.” Dada akasogeza uso mpaka karibu na kioo, akaitikia kwa sauti ya chini kabisa, “Haya, baba Suhaib. Nenda salama.”

Na video ikaendelea tu. Yunus akaita tena mara ya pili, kama vile hajamsikia.