Tembe za Vituo Viwili

Jumanne, jioni. Baridi ya Julai imekaa juu ya mtaa wetu wa Kabiria kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa mvua nayo imekuja, ile nyepesi ya kuudhi tu.

Sina raha. Mnaonisoma hapa mmezoea nikicheka watu. Leo mtanivumilia.

Kwa wageni: mimi niko kwenye kamati ya wazee ya ule utafiti mkubwa wa dawa ya presha. Shule niliiacha darasa la tano na mwalimu hakulia. Walinichagua kwa sababu naongea sana. Kazi yangu ni kuwaeleza watu wa mtaa kwamba madaktari si wachawi, na kuwaeleza madaktari kwamba watu wa mtaa si mbuzi. Utafiti una vituo vingi, na wakubwa wake wanakaa mjini, kwenye jengo refu ambalo lifti yake ina akili zake.

Asubuhi tulikuwa huko kwa mkutano. Chai nzuri, habari mbaya. Kituo cha Uthiru wanampima mtu presha akiwa amekaa, ametulia. Kabiria wanampima akiwa bado anahema kutoka kupanda kile kilima. Mjini wanampima akiwa ametoka kukwama kwenye lifti, amekasirika. Halafu hesabu zote zinamwagwa kwenye sufuria moja, inaitwa sayansi. Nilisema hivyo, wakacheka. Daktari Chebet hakucheka. Huyu ni mama kijana anayesimamia vituo vyote, na leo alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

Akasema kuna kitu kinamtisha kuliko hizo mashine. Kompyuta za vituo bado hazisalimiani. Mtu akijiandikisha Uthiru, kisha aende ajiandikishe na Kabiria, hakuna atakayejua mpaka siku ya kukusanya hesabu.

Nikaangalia kikombe changu.

Mtu huyo namjua. Ni rafiki yangu Kariuki.

Kariuki ni jirani yangu, alifiwa na mke, ana zile nyumba za mabati za kupangisha nyuma ya kanisa letu. Jina lake kamili ni Festo Kariuki Mbugua. Kabiria, ambako nilimpeleka mimi mwenyewe, ni Kariuki Mbugua. Uthiru, ambako alijipeleka, ni Festo Mbugua. Hakudanganya mtu. Wazee wetu wana jina la ubatizo na jina la nyumbani, na hulitoa lile lililo karibu na mdomo. Kabiria walidai kitambulisho, Uthiru wakaridhika na barua ya chifu. Aliponiambia, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikawa namwita Festo wa Uthiru mbele ya watu, naye ananiomba kwa macho ninyamaze.

Kisha akaanza kushika viti akitaka kuinuka. Jumapili alisimama kuimba, akakaa kabla wimbo haujaanza, midomo rangi ya jivu. Wazee tukasema ni njaa ya asubuhi.

Baada ya mkutano nilimngoja daktari kwenye ngazi.

"Daktari, tuseme mtu anameza tembe za vituo viwili. Ni swali tu."

Akasimama. "Mzee Barasa, ni nani?"

"Nimesema ni swali."

"Swali halina presha. Ni nani?"

Katika huu utafiti, wengine wanapewa dawa, wengine wanapewa tembe za kufanana nazo ambazo ndani hazina kitu. Hiyo nimewaimbia watu mpaka nimechoka. Ambalo sikuwa nimelitafakari ni kwamba hata yeye Chebet hajui nani anameza nini. Manesi hawajui. Walipanga hivyo makusudi, asije mtu akapendelea. Kujua anachomeza Kariuki ni lazima siri yake ifunguliwe, na huwezi kufungua siri ya mtu asiye na jina. Kama zote mbili ni dawa, presha yake inaweza kushuka isipate pa kusimama. Kama zote ni tupu, basi huyo ni mgonjwa asiyetibiwa, na vituo viwili vinadhani anatunzwa.

Sikumpa jina. Nilitaka kwanza niongee na mwenyewe, kiume. Huo ndio ujinga wetu.

Nilimkuta Kariuki sebuleni na koti lake la kanisani, anatetemeka.

"Acha moja," nikamwambia.

"Ipi?"

Hilo silijui. Hata daktari halijui.

"Nikiacha Uthiru," akasema, "Jumatatu nani atanipigia simu? Yule nesi huniuliza, 'Guka, babu yangu, umelala aje?' Na ananingoja nijibu. Kabiria wananiuliza Alhamisi. Wewe Barasa, miaka yote hii, umewahi kuniuliza nimelala aje?"

"Si nakuona umeamka, nikuulize nini?"

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikampigia Daktari Chebet. Nikampa majina yote matatu. Akaniambia nichukue chupa zote mbili, asimeze kitu tena.

Niliporudi, chupa zilikuwa wazi mezani.

"Mabati hayazuii sauti," Kariuki akasema. "Nimemeza za leo na za kesho, kabla hamjaninyang'anya."

Nimempigia daktari tena. Ameniambia nimlaze, miguu juu ya mto, nisimwache asinzie, gari linakuja. Hapo ndipo nimeujua huu utafiti vizuri. Kabiria hawana gari, na wanasema Festo ni mtu wa Uthiru. Uthiru wana gari, lakini wanasema Kariuki ni mtu wa Kabiria, na dereva haruhusiwi kuchukua mtu wa kituo kingine bila ruhusa ya mjini. Mjini wanaotoa ruhusa wako kwenye mkutano mwingine. Chebet nimemsikia akiwafokea kwa simu nyingine, sauti imepanda kama ya mama sokoni. Mama wa duka la jirani amekimbia kututafutia teksi, lakini mvua ikinyesha teksi za huku huwa hazionekani.

Kwa hivyo nimekaa kando ya kitanda chake, naandika kwa kidole kimoja ili mkono upate kazi. Mkono mwingine umeshika wake. Ni baridi, lakini kila kitu ni baridi leo.

Ameninunia. Sawa. Aninunie mpaka Krismasi, awaambie kanisa zima kwamba Barasa ni msaliti. Nitakaa kiti cha mbele nimsikilize.

Nikimwita, anafungua jicho moja, ananitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, kisha analifunga. Mara hii ya mwisho amechelewa kulifungua.

Naendelea kumwita. Namwita kwa majina yote.