Mbwa Wanaonuka Kinywa

Jumanne, 3 Agosti 1976
Mbwa watatu leo. Kijiji cha jirani mtu kaumwa na mbwa wa kichaa, na Mwenyekiti wetu kakata shauri: kila mbwa anayenuka kinywa ni mgonjwa, auawe. Mimi ndiye bwana mifugo, kazi yangu. Risasi hakuna, rungu lipo. Wa Mzee Ngolo alinijia akitikisa mkia! Nikampiga utosini. Hakufa. Mara ya pili, ya tatu — damu hadi kwenye gambuti. Ngolo kasimama mlangoni mwa zizi. Msukuma na mbwa anayemlindia ng'ombe hawaachani, najua. Sasa nifanyeje?

Alhamisi, 5 Agosti
Wawili. Mmoja aliling'ang'ania rungu kwa meno mpaka nikamvunja taya. Bega linauma. Nyama imenishinda kula.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimekwenda Uyole, kituo cha kilimo, kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikajisifu habari za mbwa kwa Mzee Gideoni, bwana mifugo wa pale tangu enzi za Mwingereza. Akauliza: waliuma watu? Walishindwa kumeza maji? Hapana. Niliwafungua vinywa? Hapana. Akaweka kikombe chini. Kunuka kinywa ni meno, akasema — ukoga, fizi zilizooza, mfupa uliokwama. Wenye mbwa wawasugue meno kwa kitambaa, wasiwape mifupa iliyopikwa, inapasuka vipande. Kichaa ni kingine kabisa.
Mpumbavu mimi. Watano!

Jumatatu, 9 Agosti
Mwenyekiti kanituma kwa Shija, jirani yake Ngolo. Mbwa ananuka kama kidonda kibichi, lakini maji anakunywa. Rungu nimeliacha nyumbani. Tukamfunga kamba, kijiti katikati ya meno, Shija akamkalia. Akapiga kelele, akanichana kidole. Kipande cha mfupa kimezama kati ya magego! Nikavuta kwa koleo — usaha, damu, kikatoka. Shija kacheka mpaka machozi. Majirani wamejaa uani, wananisifu.

Ngolo alikuwa kati yao. Akaokota kile kipande cha mfupa, akakigeuza kiganjani.

"Bwana Mifugo," akasema, "wangu ulimfungua kinywa?"

Nikasema naenda kunawa. Nimeshanawa. Niko nyuma ya nyumba ya Shija, naandika huku kidole kinavuja damu. Shija ananiita. Namsikia Ngolo akimwambia aniache ninawe vizuri, yeye hana haraka.