Kichwa Nilichoinamisha Langoni

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na boma lote. Mguu unaendeleaje? Nimesikia ulikubali kupelekwa kliniki Kitengela ukinung'unika njia nzima, kwa hivyo najua umeanza kupona. Na yule ng'ombe mwekundu wa pembe moja, ameshazaa? Mimi niko salama. Nakula, nalala, na hii baridi ya Ujerumani tumeshazoeana kama wake wenza.

Najua anayekusomea ni Nashipae. Wewe mdogo wangu, soma polepole na usiruke mahali, hata ukifika pale pa aibu yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa na siku ya off. Renate, mama mmoja tunafanya naye kazi hapa kwa nyumba ya wazee, akaniuliza nimeona nini kwa huu mji wao. Nikamwambia nimeona kazini, chumbani na supermarket. Akashika kichwa. "Miaka mitatu, Naserian! Watu wanapanda ndege kuja kuona huu mji wa kale, na wewe unakaa ndani kama mgonjwa!" Akaniwekea mchezo kwa simu. Hakuna mtu wa kukutembeza. Simu inakupa fumbo, unatafuta kitu cha zamani mjini, ukikipata unakuta namba, ukiiandika inakupa fumbo lingine. Mwisho kuna zawadi kwa duka la mkate.

Ungenicheka, Baba. Mtu mzima nazunguka na simu mkononi nikikodolea macho milango ya watu. Lakini si ni kazi ile ile ulinifundisha ya kutafuta ndama aliyepotea? Angalia chini, angalia kichakani, usiharakishe. Fumbo la kwanza lilikuwa samaki wa jiwe juu ya kisima, nikampata. La pili, risasi ya mzinga iliyokwama kwa ukuta wa kanisa tangu vita vya zamani. La tatu pia nikalimaliza. Nikapita watalii wawili wanagombana juu ya ramani, nikajiona mwenyeji kabisa.

La nne ndilo lilinimaliza. Lilisema: "Nenda kwa lango la kale. Msalimie mzee anayekaa hapo, atakupa namba."

Nikaenda. Lango ni la mawe, refu, na kweli mzee alikuwa hapo, amekaa kwa benchi na kofia yake, anakula mkate. Nikasema, hawa watu wamejipanga, hata mzee wameweka! Sasa mtu akiambiwa asalimie mzee atafanya nini? Nilitia simu mfukoni nikafanya vile kila mtoto wa kwetu anafanya. Nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa, nikangoja mkono wake wa salamu utue kichwani.

Nikangoja, Baba. Mzee akaacha kutafuna. Halafu akaweka mkono juu ya kichwa changu, akaanza kupapasa kati ya nywele, huku na huku, akauliza, "Umeumia wapi, binti? Mbona sioni damu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikageuka, nikalia, hapo hapo mbele ya watu. Maskini, akanipa nusu ya mkate wake. Kumbe mzee wa fumbo ni sanamu ya shaba ya mlinzi, iko pembeni ya lango, na mimi nilikuwa nimeipita. Namba iko kwa kiatu chake. Huyo mzee wa mkate alizaliwa mtaa huo huo na hakuwahi kuiona. Akanifuata hadi fumbo la mwisho akibishana na simu yangu. Zawadi ilikuwa andazi moja lenye sukari juu, tukagawana.

Sasa nikuambie kwa nini nililia. Kila siku mimi naosha vichwa vya wazee, nawachana nywele. Changu hakijaguswa na mkono wa mzee tangu nitoke nyumbani. Hata siku niliyotoka, wewe hukukigusa. Ulikuwa Kimana na ng'ombe kwa sababu ya kiangazi, na wote wanajua niliwaambia safari imekuja ghafla. Haikuja ghafla, Baba. Nilijua siku nne mbele. Niliogopa nikikuambia utanyamaza, vile wewe hunyamaza, na mimi nishindwe kuondoka. Watu wakasema hukuja kwa sababu ya hasira, na mimi nikawaacha waseme. Hukuja kwa sababu hukuambiwa. Kosa ni langu.

Kwa simu tunaongea mvua na malisho, na kila nikitaka kusema hili nashindwa. Simu inabeba sauti, kichwa haibebi.

Sijutii kuja huku. Kazi naipenda, na tangu siku ile natembea mjini bila uoga. Lakini Desemba nimepewa likizo, na sitaki kuingia bomani kwangu kama mgeni.

Msalimie Mama, na kaka yangu ambaye sasa anachunga peke yake. Koko, nyanya yetu, mwambie bado sijaolewa na mzungu, atulie. Na Mama Abdi wa dukani mwambie chai ya huku ni maji ya moto tu.

Nashipae akimaliza kusoma, aikunje hii karatasi akupatie mkononi. Kabla ya kuifunga nimeiweka juu ya kichwa changu, nikainama. Weka mkono juu yake, Baba, unisalimie ile takwenya yako, hata kama umekasirika.

Mimi nimeshaitikia kwa lugha yetu: iko.

Binti yako,
Naserian