Dada Aliyepima Vichwa vya Gwaride

Mwaka umetimia tangu ututoke, Dada, na kofia za gwaride zimenishinda. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Karakana ni ile ile. Meza yako iko dirishani, kalibu za mbao zimejipanga rafuni kama vichwa vinavyosubiri kunyolewa. Bado pananukia gundi na ngozi. Ulikuwa unafika kabla yetu, unachana manyoya marefu ya kofia kwa brashi ya viatu huku ukiyabembeleza kama mtoto anayelia akisukwa.

Nilipoacha shule darasa la sita hukunisema. Ulinipa kiti na sindano.

Kila askari aliyekuja kupimwa ulimpa na historia juu. Ulimweleza kuwa zamani warusha mabomu ya mkono walivaa kofia isiyo na ukingo ili mkono usiugonge wakati wa kurusha, kisha ikarefushwa ili adui adhani anaona majitu. "Kwa hiyo nyoosha shingo, afande. Hii si kofia ya jua."

Halafu ulipitisha futi chini ya kidevu chake na kumwambia atoe amri kwa sauti. "Nyuma, geuka!" Kinyozi wa jirani alikuwa akichungulia, nasi tunacheka hadi machozi.

"Dada, unapima kichwa au sauti?"

"Wewe cheka tu, mdogo wangu. Kichwa hujakijua mpaka taya lifunguke."

Miaka yote hiyo nilicheka. Sikuuliza.

Ulipoondoka niliwapima askari wakiwa kimya. Siku ya gwaride sajenti akafungua kinywa atoe amri, mkanda wa kidevuni ukakatika, kofia ikabiringika hadi miguuni pa wageni. Wengine mikanda iliwakaba, wakaitikia kama mbuzi. Uwanja mzima ulicheka. Binti yako aliinamisha uso.

"Mjomba, mama angekuzaba kofi," aliniambia njiani.

Nikamwambia ni kweli.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako, wifi yako anayeshona bitana, na mimi mdogo wako. Haipiti siku hujatajwa humu ndani, wala haitapita.

Kofia zilizorudishwa ni ishirini na nne. Mafundi walioondoka ni wawili. Kikosi ulichokivisha kwa miaka kumi na tisa sasa kinavalishwa na kiwanda.