Pikipiki ya Ng'ombe Hamsini

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi klachi mbili na tairi moja. Mchana hakuna kitu. Mikono inanuka petroli hata baada ya udhu.

Masanja amepiga simu. Sauti ya mtu asiyelala. Ng'ombe wake wameingia tena kwenye mahindi ya watu huko Rudewa, faini ya tatu mwaka huu. Mara ya mwisho wakulima walikata ng'ombe wawili kwa panga, na vijana wa upande wake wakamvunja mtu mkono. Amesema, "Fundi, ng'ombe wana midomo, na kila palipo na jani sasa pana mwenyewe."

Namhurumia. Enzi natengeneza baiskeli Rudewa, mke wangu Zuhura alijifungua maziwa yakagoma kutoka. Masanja alileta kibuyu cha maziwa ya ng'ombe kila asubuhi, miezi mitatu. Hakutaka hata chumvi. Msukuma na Mkristo wa kanisani, mimi mtu wa msikitini, lakini huyo ni ndugu yangu.

Anakuja Mikumi keshokutwa. Kuna kitu anataka nimwangalizie. Hakusema nini.

Alhamisi, 10 Julai

Sijawahi kuona pikipiki kama ile. Tangu nishike spana, miaka thelathini, sijawahi.

Ni ya mhandisi mmoja wa kambi ya ujenzi hapa Mikumi. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Shija, mtoto mkubwa wa Masanja, hupeleka nyama kambini, ndiye aliyeiona. Ya mashindano. Kwenye usukani kuna kibati kimechongwa 212/300. Maana yake zimetengenezwa mia tatu tu dunia nzima, na kiwanda hakitengenezi tena. Anataka milioni arobaini na tano. Masanja anapima kwa kipimo chake: ng'ombe hamsini. Anao hamsini na wanne.

Anataka kuwauza. Siyo aiendeshe. Aiweke ndani. Shija amemwonyesha kwenye simu kwamba pikipiki za namna hii bei hupanda kila mwaka kwa kuwa ni chache. Mzee amelidaka hilo upesi, maana ndivyo alivyolelewa: mali ni kitu unachokiweka kikakua. "Huyu ni ng'ombe asiyekula shamba la mtu," amesema, na uso umemkunjuka kama kijana.

Bi Tatu muuza chai akapaza sauti kutoka kibandani: "Masanja, na hilo nalo unakamulia upande gani?" Watu wakacheka. Naye hakukubali kushindwa: "Wewe lete chai, ya maziwa niachie mimi."

Nimeikagua saa mbili nzima. Namba ya chesisi na kadi vinalingana. Haijaanguka. Injini haijafunguliwa. Hakuna bolti iliyoguswa na fundi wa mtaani. Nilipoiwasha nilisisimka mwili kama anayesikia Qur'ani ikisomwa vizuri. Mungu anisamehe kwa mfano huo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Masanja akaniuliza mbele ya wote: "Fundi, wewe husemi uongo. Inafaa bei hiyo?"

Nikasema inafaa. Akaendelea kuniangalia. Nikaongeza: Wallahi, inafaa, na zaidi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeswali Ijumaa. Khutba ilihusu mizani. Niliipenda, nikajiona niko salama kabisa.

Jioni Zuhura, akichambua mchele, kaniuliza swali moja tu. Siku Masanja akitaka kuiuza, atamuuzia nani? Nikamwambia mambo ya mashine aniachie mimi. Kaendelea kuchambua. Nimekula bila hamu.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka Rudewa. Nilikwenda kuwa shahidi wa mauzo.

Malori mawili. Ng'ombe wanapandishwa kwa fimbo na makelele. Masanja alikuwa anacheka na madereva. Mama Shija, shemeji yangu, hakucheka. Alisimama kwenye lango la zizi akitaja kila anayetoka kwa jina, kwa Kisukuma, polepole, kama anayeita mahudhurio shuleni. Nilimsalimia. Akajibu vizuri, kisha akaniuliza, "Shemeji, ni kweli umeapa?" Nikasema ndiyo. "Basi," akasema. Akaendelea na majina.

Wamebaki wanne.

Pikipiki imeingizwa chumba alichokuwa analala Shija. Masanja ameitandikia ngozi ya ng'ombe chini, matairi yasiguse udongo. Naye kitanda chake kahamishia humo.

Jumatano, 13 Agosti

Leo Rudewa tena, kuchaji betri na kuizungusha injini kidogo isilale. Sitozi kitu. Nimeifuta vumbi kwa kitambaa cha pamba, taratibu. Nilifurahi kuigusa. Nasema kweli.

Kwa Masanja kuna amani. Hakuna wito wa ofisi ya kijiji, hakuna faini. Mwenyekiti anamsalimia. Mkulima yule aliyevunjwa mkono alikuja kuiona pikipiki, akakaa, akanywa uji. Nilijisemea moyoni, Alhamdulillahi, pengine Mungu alipitishia heri kwangu.

Lakini kuna mambo mengine, nayaandika pia. Masanja bado anaamka saa kumi alfajiri, anachukua fimbo, anakwenda kusimama zizini. Ng'ombe wanne hawahitaji mtu asimame. Shija ameanza kunywa pombe. Anaomba aiendeshe hata mara moja tu mpaka Kilosa mjini, baba anakataa: kilomita zikipanda, bei itashuka. Kijana akamwambia mbele yangu, "Baba, hata dume la mbegu hutolewa nje."

Maziwa wananunua. Sikuwahi kufikiri ningeona hilo kwenye nyumba ile.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama Shija anaumwa. Kumbe ameanza kuumwa muda mrefu, anaficha. Uvimbe tumboni, na damu inamtoka. Daktari wa Kilosa amesema apasuliwe Morogoro, na isichelewe. Bima hawana. Kanisa limechanga, imeishia kwenye vipimo na nauli. Ng'ombe wale wanne wameshauzwa, wawili kwa chakula, wawili kwa dawa.

Zamani Masanja angefungua zizi asubuhi, akapeleka wawili mnadani, jioni fedha iko mkononi. Ng'ombe unauza mmoja, wengine wanabaki. Pikipiki huwezi kuuza gurudumu ukabaki na chombo.

Hili nilipaswa kulijua tarehe kumi Julai. Mimi ndiye fundi.

Amenipigia. Hakulia, hakulaumu. "Fundi, nitafutie mteja. Wewe ndiye unayeijua."

Jumanne, 9 Septemba

Siku tatu natafuta. Gereji imefungwa.

Hapa Mikumi waliniuliza keria iko wapi. Haina. Abiria je? Haina kiti cha abiria. Huko Kidodi, tajiri mmoja mwenye malori ya miwa aliangalia picha akasema, "Mzee, hii hata mke hapandi. Nitakwenda nayo wapi, kwenye matuta haya?" Kilosa mjini walitaka kupiga nayo picha tu. Nimepiga simu Dar kwa mafundi ninaowafahamu. Wanaoweza kuinunua wapo, wanasema, lakini wanataka kujua ilikotunzwa, wanataka vitabu vya matengenezo, wanataka muda. Mwezi. Miezi miwili.

Thamani yake ipo. Ipo mbali. Hapa kwetu haifiki.

Zuhura hajaniambia neno. Afadhali angeniambia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempata mtu. Mfanyabiashara wa Morogoro, amekuja mpaka Rudewa na fedha taslimu. Ametaja bei ya ng'ombe kumi na wawili, hapo hapo. Ingetosha upasuaji na kubaki.

Masanja amekataa.

Sababu yake naiandika kama alivyoisema, akinionyesha mimi kwa kidole: "Huyu fundi wangu aliapa kwa Mungu wake, hamsini na zaidi. Mtu huyu hajawahi kunidanganya. Wewe unataka kunila kwa kuwa nina mgonjwa. Nitasubiri mwenye haki yake."

Yule mtu akanigeukia. Masanja akanigeukia. Shija akanigeukia. Na chumba cha pili Mama Shija alikuwa anakohoa.

Sikufungua mdomo.

Mteja kaondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuweza kuswali kwa utulivu. Baada ya swala nikamfuata shehe, nikamweleza yote. Niliuliza kafara ya kiapo changu. Nilikuwa tayari kulisha maskini, kufunga, lolote.

Akaniuliza: ulipoapa uliamini unachosema? Nikasema niliamini. Akasema basi hakuna kafara, kiapo kile hukukusudia uongo. Akasema ninalotakiwa si kafara, ni kwenda kumwambia mtu ukweli.

Afadhali angenipa adhabu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijakwenda. Nimejipa kazi. Bodaboda ya mtu, plagi na cheni.

Naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu. Naogopa. Fundi aliyeapa kisha akakanusha, nani atamletea chombo tena? Na zaidi ya hapo, naona haya kwa Masanja. Naona haya kuliko ninavyomhurumia mke wake. Hayo ndiyo yaliyomo moyoni mwangu, mtu wa miaka hamsini na moja ninayeswali swala tano.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda.

Nilimkuta amekaa nje anasokota kamba. Nikakaa chini. Nikamwambia: ndugu yangu, kiapo changu kilikuwa cha chuma. Niliangalia injini, nikaangalia chesisi. Sikuangalia Rudewa. Sikukuangalia wewe. Kwa mtu mwenye nyumba Ulaya na gereji ya vioo, inafaa bei ile. Kwako haifai hata ng'ombe watano. Uza.

Kamba ikamdondoka.

"Kwa hiyo uliniapia chuma," akasema. "Mimi nilidhani unaniapia mimi."

Hakupandisha sauti. Akaniomba nimpigie yule mteja. Mteja, kwa kuwa anajua tumerudi kwa shida, ametaja ng'ombe wanane. Masanja akasema ndiyo kabla sijamaliza kusema.

Jumatano, 17 Septemba

Imeondoka. Wameifunga kamba kwenye lori dogo la Kenta, chini wameweka ile ngozi. Shija ndiye aliyeisukuma. Hakuipanda hata siku moja.

Saa hiyo hiyo Mama Shija ametangulia Morogoro kwa gari la kukodi. Nilimshika mkono akipandishwa. Mwepesi kama mtoto. Kaniambia, "Shemeji, msigombane."

Jumamosi, 20 Septemba

Wamempasua jana. Masanja amesema kwenye simu kwamba daktari kasikitika. Uvimbe umeshasambaa na damu imepungua mno mwilini. Kasema angefika wiki moja mapema wangekuwa na la kufanya.

Nimehesabu siku tangu yule mtu alipokuja na fedha. Sitaiandika hesabu hiyo.

Jumapili, 21 Septemba

Amefariki alfajiri. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mkristo, najua. Sina maneno mengine.

Jumanne, 23 Septemba

Tumemzika Rudewa. Watu wengi, wafugaji na wakulima. Yule wa mkono uliovunjika alichimba kaburi na wenzake. Kwaya iliimba. Nilisimama nyuma, Zuhura pembeni yangu.

Wengine walikuwa wananiangalia. Nimesikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo fundi wa kuapa." Ni haki yake.

Masanja alinipa mkono kama alivyowapa wote. Si zaidi, si pungufu. Hilo "si zaidi" ndilo lililonikata maini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtu wa Ruaha kaleta pikipiki anayotaka kununua, ananiomba nimwambie inafaa bei au haifai. Nikamwambia ninachoweza ni kumweleza iliyo mbovu na iliyo nzima. Akasema, "Fundi gani wewe?" Akaenda kwa mwingine.

Nafunga Jumatatu na Alhamisi. Shehe hajaniagiza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda Rudewa bila kuitwa. Shija kaondoka, yuko Morogoro anabeba mizigo. Masanja sikumkuta nyumbani. Majirani walinielekeza bondeni.

Anachunga ng'ombe wa mtu. Thelathini na kitu, wa Msukuma mwenzake aliyehamia karibuni. Anapewa maziwa na fedha kidogo. Aliniona kwa mbali, akainua fimbo. Nikamfuata.

Hatukuzungumza habari yoyote ya nyuma. Alinionyesha ndama mmoja anayechechemea, nikamshika mguu akamtoa mwiba. Tulikula mihogo yake ya kuchemsha, mimi kidogo tu mdomoni, kisha nikakumbuka leo ni Alhamisi, nimefunga. Nikaitema. Akacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Adhuhuri ikaingia. Nikatandika shati langu kwenye majani, nikaelekea kibla. Ng'ombe walikuwa wanakuja upande wangu, kuelekea maji. Nikiwa kwenye rakaa ya pili nikasikia Masanja anawapigia mluzi. Alikuja akasimama mbele, mbali kidogo, fimbo imelala mabegani, mikono imening'inia juu yake. Aliwazuia wasipite mbele yangu. Walikuwa na kiu, wanalia. Hakusogea mpaka nilipotoa salamu kulia na kushoto.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema nimemaliza.

Akawaachia wakanywe maji.